Verso au ¡Demolición!: uanze na ipi?

Juzi usiku binamu yangu alinitumia ujumbe: "Nimebaki na bando la saa moja. Hiyo skeiti yenu unayoiimba kila siku, nianze na video gani?" Nikamtumia mbili. Akajibu kwamba ameomba moja, si mbili, na saa inakimbia.

Nilikwama. Hizo mbili zilitoka mwaka mmoja, 2019, zikagombea heshima moja, na tangu hapo sijawahi kukaa na watu watatu wa skeiti, mchezo wa ubao wenye magurudumu, wakaafikiana ipi imeishinda mwenzake. Moja ni Verso ya Mark Suciu, Mmarekani wa California. Nyingine ni ¡Demolición! ya Milton Martinez wa Argentina. Nilichomjibu binamu yangu usiku ule kilikuwa kifupi, tena cha hasira kidogo. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, na ni ya yeyote anayetaka kuchagua kabla bando halijakata.

Kipande ndicho ligi

Asiyeujua mchezo huu hudhani wachezaji wote hushindana viwanjani wakipewa alama na majaji. Mashindano hayo yapo, na michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ndiyo ya kwanza kuwa na skeiti. Lakini kwa wale wa mtaani, wanaoruka ngazi za ofisi na kuserereka juu ya benchi za saruji, jina hujengwa kwa kipande: video ya dakika chache ya mtu mmoja, iliyokusanywa kwa miezi, pengine kwa miaka. Sekunde sita unazoziona huenda zimekula siku tatu za kuanguka, kufukuzwa na mlinzi, kurudi, kukuta mvua imelowesha zege, na kurudi tena. Mara nyingi hata mpiga picha yuko juu ya ubao wake, amechuchumaa, anakimbiza lenzi karibu na magurudumu ya mwenzake. Akijikwaa yeye, kazi ya mchana mzima imekwenda.

Jarida la Thrasher la San Francisco, lililoanza 1981, humtangaza Mchezaji Bora wa Mwaka tangu 1990, alipochaguliwa Tony Hawk. Hakuna saa wala kipimo. Hutazamwa vipande na picha za mwaka mzima, jina hutoka, na watu huanza kubishana. Mwaka 2019 ulikuwa na uzito wake, kwa maana Jake Phelps, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo kwa miaka mingi, alifariki mwezi Machi. Mwaka ulipofika ukingoni, vipande hivi viwili vikiwa bado vibichi machoni mwa watu, jina lililotoka lilikuwa la Milton Martinez. Watu wa Suciu wakanuna. Nami nilinuna kidogo, ingawa sasa sina hakika nilikuwa na sababu.

Mahindi juu ya paa

Tuanze na mshindi.

Kuna mahali Los Angeles panaitwa Sunset Car Wash. Ni pa kuosha magari, ila watu wa skeiti hawapajui kwa sabuni. Wanapajua kwa paa lake, lenye mteremko mkali ambao mtu mwenye akili timamu angeuogopa hata akiwa ameushika kwa mikono miwili. Martinez alipanda juu, akaja na kasi, akajirusha kwenye ule mteremko, na akiwa hewani akapiga kikflipu.

Kama hujui kikflipu, fikiria mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Haligeuzi hindi kichwa chini miguu juu. Analizungusha papo hapo, kwa urefu wake, ili upande wa chini uje juu. Ndivyo ubao unavyozunguka chini ya miguu: ncha ya kiatu cha mbele inauchapa pembeni, unabingirika mara moja kamili, miguu inaupokea. Mruko wa kawaida, ule tunaouita oli, ubao haukuachi. Uko nao kama kandambili. Kwenye kikflipu kuna nukta ambapo huna kitu chini ya miguu. Uko hewani peke yako, ubao una shughuli zake. Nyumbani kwenye simiti hilo si kitu, unaanguka na kucheka. Juu ya paa la Sunset, nukta hiyo ndiyo yote.

Nilimwonyesha shangazi yangu tukio hili akiwa anachambua sukuma. Akasimamisha mikono. "Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza. "Mama yake anajua yuko huko juu?" Nikamwambia mama yake bila shaka anajua, dunia nzima inajua. Akanyamaza, halafu akasema, "Hebu rudisha nione tena." Shangazi hajawahi kunitaka nirudishe kitu chochote, hata taarifa ya habari.

Hiyo ndiyo nguvu ya ¡Demolición!. Haihitaji mkalimani. Kasi ni kasi, urefu ni urefu, na mwili wa binadamu unaelewa kuanguka tangu utotoni. Martinez hana eneo moja alilojifungia: vyuma vya ngazi ndefu, kuta zilizopinda, miteremko, vidimbwi vya kuogelea vilivyokaushwa maji, kote huko anakwenda kwa mwendo uleule wa mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Wapo wachezaji wa ngazi ambao ukiwaweka ndani ya kidimbwi wanakuwa kama ng'ombe kwenye lami. Yeye hana nyumba wala ugenini.

Kasoro ninayoiona ni kwamba haipumui. Kila kitu ni kikubwa, na kikubwa kikifuatwa na kikubwa, baada ya muda jicho linazoea. Ukifika kwenye tukio la nane ushaanza kuona ngazi kumi na kitu kama ngazi za kawaida, ambalo ni jambo la ajabu mno ukilifikiria. Tena kipande cha namna hii kinapanda mbegu mbaya kwa vijana, kwamba maumivu ndiyo mizani. Nasema hivyo nikiwa nimeionja mwenyewe. Wiki chache baada ya kuitazama mara ya kwanza nilienda kwenye ngazi saba za jengo moja la ofisi mjini, nikajiambia saba si nyingi. Zilikuwa nyingi. Nilitua kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Askari wa geti, badala ya kunifukuza, aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki akasema taratibu, "Kijana, hizi ngazi zimejengwa kwa ajili ya miguu."

Ukurasa wa kushoto

Shangazi huyohuyo nilimwekea Verso. Alitazama dakika moja na nusu. "Sasa huyu anafanya nini?" Akarudi kwenye sukuma yake.

Simlaumu. Alichokiona ni kijana mwembamba anayepita kando ya kingo fupi za saruji, anarukia ukingo, anaserereka, anashuka, anaendelea na safari. Hakuna paa. Hakuna anayelia kwa ajili yake. Kama hujui anachokifanya, ni sawa na kumsikiliza mtu akisoma shairi kwa lugha usiyoijua: unasikia tu kwamba kuna mpangilio mahali fulani.

Na mpangilio upo. Suciu alisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, na jina la kipande chake linatoka vitabuni. Verso ni ukurasa wa kushoto wa kitabu kilichofunguliwa, yaani mgongo wa karatasi ambayo umetoka kuisoma. Aliyepiga picha ni Justin Albert, na wawili hao walikusudia jambo ambalo vipande vingi havijishughulishi nalo: mpangilio uwe na maana, si ubora wa tukio moja moja tu. Kuna sehemu ambapo mbinu moja inajibiwa na kinyume chake, kama mtu aliyesimama mbele ya kioo.

Hapa lazima nikueleze kidogo mitambo ya mchezo, vinginevyo utaishia kama shangazi. Karibu kila mbinu ya ukingoni ina maswali manne. Umeukaribia ukingo kwa uso au kwa mgongo? Unaserereka kwa pua ya ubao, kwa mkia, au kwa vyuma vya ekseli? Mguu ulio mbele ni ule uliozaliwa nao, au umegeuza ukatanguliza mwingine? Na unaposhuka, ubao au mwili umezunguka, na umezungukia wapi? Badilisha jibu moja na umepata mbinu nyingine kabisa, yenye ugumu wake, yenye misuli yake. Wachezaji wengi, hata wa kulipwa, wana kona zao tatu nne wanazozipenda na huko ndiko wanakoishi. Kufanya mbinu na kioo chake ni kama kuandika jina lako kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, na hati zote mbili zifanane hata benki ishindwe kuzitofautisha.

Sisi tuliosoma ushairi shuleni tuna bahati ya kuwa na maneno ya jambo hili tayari. Mshororo una ukwapi na utao. Kina cha kati kinakuandaa, kina cha mwisho kinafunga, na sikio likizoea linaanza kukitarajia kina kabla hakijafika. Suciu anakufanyia hivyo machoni. Baada ya kutazama mara tatu hivi, unamwona anaukaribia ukingo na unajua kuna deni: alitoka kwa uso, lazima arudi kwa mgongo. Anarudi. Raha yake ni raha ya kina kilichokaa mahali pake.

Jambo jingine ni laini. Si ile ya simu. Laini ni mbinu kadhaa zinazofuatana bila kamera kukatwa: unafanya moja, unasukuma mguu mara mbili, unafanya ya pili, unazunguka kona, ya tatu. Ukikosea ya mwisho unarudi mwanzo kabisa. Tukio la Sunset lilihitaji ujasiri mkubwa mara moja. Laini inahitaji utulivu unaorudiwa, na mbinu ya mwisho huwa ngumu maradufu kwa sababu tu ni ya mwisho. Miguu imechoka na moyo unajua kilicho hatarini. Suciu ni mtu wa laini tangu kipande chake cha Cross Continental cha 2012. Pale ambapo mwingine angepumua, yeye anaongeza kitu.

Kasoro? Ipo, na wapenzi wa Verso hawapendi kuisikia. Kuna nyakati kinanuka dawati. Unahisi mpango unaendesha mchezo badala ya mchezo kuendesha mpango, kama shairi lililobeba vina vyote ila mtunzi hakuwa na la kusema usiku ule. Martinez akianguka mbele yangu ningekimbia kumwinua. Suciu akianguka, nina wasiwasi ningemuuliza ilikuwa mshororo wa ngapi.

Jaribio la kuzima sauti

Muziki humdanganya mtazamaji. Gitaa kali likiingia wakati ubao unatua, hata mruko wa kawaida unaonekana wa kihistoria. Kwa hiyo mimi kipande nikikipenda nakitazama tena simu ikiwa kimya.

¡Demolición! ikinyamazishwa inatisha zaidi. Unabaki na mwili na umbali. Lakini kuna kitu kinapungua kila ukirudia, na nadhani ni hiki: hofu ya mara ya kwanza ilitegemea kutojua kama atatoka salama. Mara ya pili unajua. Nimeitazama labda mara sita tangu itoke, kila mara na mtu mpya pembeni, na kusema kweli nilikuwa namtazama huyo mtu.

Verso ikinyamazishwa haipotezi kitu. Mpangilio hauko kwenye wimbo. Hii nimeitazama mara nyingi zaidi ya ninavyoweza kukiri mbele ya watu wanaojua bei ya bando, mara nyingi peke yangu, na mara nyingi nusu tu, nikitafuta mahali ambapo mguu wa mbele ulikaa.

Basi uchague

Kama una nafasi moja tu ya kumvuta mtu ambaye hajawahi kutazama skeiti, iwe mzazi, mpenzi, au rafiki wa mpira anayeuita mchezo huu wa watoto wa kitajiri, usijisumbue: ¡Demolición!. Usimweleze chochote. Atauliza mwenyewe.

Kama unajifunza, chukua Verso, na sababu yangu ni ya kawaida kabisa. Ukingo mfupi unao karibu nawe. Paa la Sunset huna. Tunapochezea sisi Kangemi, Nairobi, kwenye uwanja wa zege uliomo ndani ya makao ya watoto ya Shangilia, vijana husugua ukingo kwa kipande cha mshumaa, uleule wa kuwasha stima zikipotea, ili chuma kiteleze badala ya kung'ang'ania. Sugua, rudi nyuma hatua kumi, jaribu. Utakachojaribu ni herufi ya kwanza ya lugha anayoiongea Suciu, lakini ni herufi ileile, si ya mfano. Wenzetu wa Kitintale, Kampala, ambao uwanja wao una umri mkubwa kuliko wetu, nadhani watanielewa. Ukijifunza kwa kumtazama Martinez utajifunza kitu kimoja tu, nacho ni kwamba wewe si Martinez. Kifundo changu cha mkono ni shahidi.

Kama mko wengi sebuleni na kuna soda, Martinez. Kama uko peke yako, usingizi umegoma, Suciu.

Kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili na una darasa linalosinzia kwenye somo la bahari za ushairi, jaribu dakika mbili za Verso. Sijafanya hivyo, ila ningependa kuwa kwenye dawati la nyuma siku hiyo.

Na kama unataka kujua nani alistahili ile tuzo ya 2019, mimi sasa hivi nasema Martinez, kwa sababu tuzo ni ya mwaka na hakuna picha ya mwaka ule iliyokaa kichwani mwa watu kama ile ya paa. Suciu naye alichaguliwa miaka miwili baadaye, 2021. Baadhi wakasema deni limelipwa. Sioni kama palikuwa na deni. Kuna mambo yanayoonekana siku ileile na mengine yanayohitaji kusomwa mara ya pili, na jarida linalochapishwa kila mwezi haliwezi kusubiri hadi usome mara ya pili.

Kuna wa tatu nimtaje haraka, kwa wale ambao hawataki kuchagua. Tyshawn Jones, wa Bronx, New York, alishinda mwaka mmoja kabla, 2018, mwaka ambao William Strobeck alitoa BLESSED, video ya kampuni ya mavazi ya skeiti, Supreme, ambamo Jones ana kipande. Akashinda tena 2022. Waliowahi kushinda mara mbili kabla yake ni Danny Way na Chris Cole tu. Tukio lake la kukumbukwa liko chini ya ardhi, kwenye stesheni ya treni ya mtaa wa 145: alitoka jukwaa la upande mmoja, akaruka juu ya reli, akatua jukwaa la pili, na katikati ya safari akapiga kikflipu. Mahindi yaleyale. Picha aliyoipiga Atiba Jefferson ikakaa kwenye jalada la Thrasher. Ninachokipenda hapo ni kwamba tukio linasomeka na shangazi na linasomeka na mimi. Kila mtu ameshasimama kwenye ukingo wa kitu akasubiri chombo, akakadiria kwa jicho umbali wa ng'ambo, akaachana na wazo hilo.

Binamu yangu, kwa taarifa yenu, alianza na Martinez. Akatuma ujumbe wenye alama za mshangao tupu, hakuna neno hata moja. Halafu akafungua Verso na bando likakata katikati.

Jumamosi akaja Kangemi, ubao wa kuazima kwapani, mshumaa mfukoni, akaniuliza nusu iliyobaki ina nini. Nikamwambia kuna mahali atayaona yaleyale, yamegeuzwa. Akadhani namtania.